Zimwi la Kiunoni mwa Mize

Sogeeni jamvini, na anayesinzia asije akaniuliza kesho.

Hapo kale palikuwa na msusi wa mikeka, jina lake Mize. Kiunoni mwake mlihamia zimwi, bila hata kubisha hodi. Likawa linatafuna, linatafuna, linatafuna, na Mize halali wala haketi.

Akajifukiza ubani, halikutoka. Akanywa kombe la maandiko, halikutoka. Akapungwa kwa ngoma, halikutoka. Akachoka, akaliuliza, "Nimekukosea nini?"

Zimwi likajibu kwa unyonge, "Sijui, dada. Nilizinduka nikajikuta humu. Hata mlango wa kutokea siuoni."

Mize akachanganyikiwa. Adui asiyejua ugomvi wenu, utapatana naye vipi? Pengine si adui, akawaza, ni mgeni. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye Mize miaka yote alikuwa akimtandikia mgeni huyu kitanda tu, jembe hajampa.

Akachukua ukili wake wa kusukia mkeka. "Kama huondoki, shika ncha hii."

Ukatoka mkono mwembamba kiunoni, ukashika. Zimwi likitafuna sana, Mize alisuka kidogo akapumzika. Likisinzia, alisuka mpaka akaimba. Mkeka ukatoka na mistari mipana na myembamba, wa namna isiyopata kuonekana, na maharusi wakaugombea.

Majirani wakamuuliza, "Mize, umepona?"

"Bado limo," akasema. "Lakini kesho tunaanza mwingine."

Ngano yangu naikunja hapa. Atakayeumwa na aikunjue.