Lango Lisilomjua Kindi

Nisameheni mapema, watoto, maana hadithi hii nitaiharibu. Marehemu bibi yangu akiisimulia, watu walilia. Mimi nikiisimulia, hata mbuzi huaga akaenda kulala. Lakini leo mbuzi hayupo, na nyinyi mmeshakaa. Haya, shikeni mkeka!

Hapo zamani za kale, kale ya juzijuzi tu, kale yenye kompyuta, wanyama walikuwa na nyumba, masufuria na majirani wambeya kama sisi. Mto uliikata nchi yao vipande viwili. Juu ya mto palikuwa na daraja, na kwenye daraja palikuwa na lango zito la chuma, lililopanda na kushuka kwa amri ya kompyuta ya Mzee Kiboko.

Kindi alikaa upande wa huku. Mama yake alikaa upande wa kule. Kindi aliolewa huku kabla lango halijajengwa, akajiambia, "Si hapo tu? Nikimtamani mama, navuka." Hakujua kwamba wakubwa wangejenga lango, naye angebaki kutamani tu.

Kila asubuhi alisikia mchi wa mama yake ukitwanga ng'ambo: Twa! Twa! Ti! Mipigo miwili mizito, mmoja mwepesi wa kupumua. Nchi nzima hakuna mwingine aliyetwanga hivyo. Mumewe akimwuliza, "Mke wangu, mbona unaacha uji unapoa?" yeye hujibu, "Ngoja, mama hajamaliza."

Msimu ule mchi ukaanza kulegea. Asubuhi moja ukalia: Twa… twa… Kisha kimya. Ile ti haikuja.

Kindi akatupa kijiko, akakimbia, puru puru puru, mpaka langoni. Jicho la kamera likamtazama.

"Nimeona kindi," ikasema kompyuta. "Kindi… aina haijulikani! Toka!"

"Mimi sijulikani? Mimi nina ukoo! Nina mashangazi sita, na wote wana midomo!"

"Aina haijulikani! Toka!"

Mzee Kiboko alikuwa amekaa kando ya mashine yake akitafuna karanga. Akacheka, "Bo-ho-ho! Usigombane nayo, mwanangu. Nimeiandika mwenyewe kwa JavaScript, lugha ya kompyuta. Nimeitengenezea kisanduku, nikaweka ndani aina nne za wasafiri: tembo, kifaru, nyati, kiboko. Asiyekuwemo kisandukuni, kwa lango hili hajazaliwa."

"Mjomba Kiboko, mama yangu anaumwa."

"Nani kakuambia?"

"Mchi wake."

"Mchi!" Kiboko akatema ganda la karanga. "Nenda nyumbani, mtoto. Na usiniambie nizime mashine. Siku tulipoizima, lango lilimshukia Kifaru, paa! Mpaka leo mkia wake ni kigutu."

Kindi hakuondoka. Alikuwa akitazama lile guu la Kiboko likishuka kwenye baobonye, ule ubao wa herufi, bwata! Kila likishuka, herufi kumi zilitoka kwa pamoja.

"Mjomba, hapo ulitaka kuandika nini?"

"Jina langu."

"Limetoka kama mtu anayepiga chafya."

"Ni guu, basi! Guu halina adabu!"

"Nikuandikie mimi? Vidole vyangu ni njiti tupu. Na haya maganda ya karanga yaliyonasa humu nitayachokoa."

Kiboko akaona bahati imemjia kwa miguu yake. Kuanzia hapo yeye akawa anasema, Kindi anabonyeza, tik-tik-tik. Na kila alichobonyeza, Kindi alikiweka kichwani. Ng'ambo, mchi ulilia siku moja, ukanyamaza siku mbili.

Adhuhuri moja Kiboko akasinzia. "Krooo… fyuuu…"

Kindi akakifungua kile kisanduku cha aina nne. Akakipapasa huku na huku. Lo! Kiboko alikuwa ameweka majina ndani, akasahau kukigandisha! Kisanduku cha namna hiyo, watoto, ni chungu kisicho na mfuniko: mpita njia yeyote hutia chumvi yake.

Tik-tik-tik. Aina ya tano: kindi.

Akaruka hadi mbele ya kamera.

"Nimeona kindi. Kindi… karibu! Pita!"

Kriiii! Lango likapanda. Kindi akanyanyua mguu. Lakini nani anatoka upande wa kule? Mzee Tembo! Akajisimamisha katikati ya lango, kama kabati mlangoni.

"We kidudu! Nani amekuruhusu? Kiboko! Kiboko, amka!"

"Krooo… eh? Naam?"

"Lango lako limemkaribisha kindi!"

Kiboko akachungulia kwenye mashine, akajikuna kisogo. "Ameongeza jina lake, Mzee. Sikukigandisha kisanduku."

"Lifute!"

Kindi akapiga magoti, akaangua kilio. "Nifuteni, wazee wangu! Nifuteni hata mkia! Ila nawaomba, kwa heshima ya masikio ya Mzee Tembo, msikigandishe kisanduku! Kikigandishwa, hakuna mdogo atakayeongeza jina tena. Na panya wote wako njiani, wamekwishafunga mizigo!"

Tembo akarudi nyuma hatua moja. "Pa… panya?"

"Na wajukuu zao, Mzee. Wanapenda kupanda juu ya miguu mikubwa."

"Gandisha!" Tembo akapiga baragumu. "Kiboko, gandisha sasa hivi!"

"Nimfute huyu kwanza?"

"Kufuta kutangoja! Panya hawangoji! Gandisha!"

Kiboko akainua guu, akaliangalia, akalishusha. "Mwanangu," akasema kwa aibu, "njoo uniandikie."

"Niandike mwenyewe? Jamani, mnanichimbisha kaburi langu!" Kindi akajifuta kamasi, akaandika amri ya kugandisha. Tik-tik-tik. Imekwisha.

"Haya," akasema Tembo, "sasa lifute jina lake."

Kiboko akatumia ncha ya bua la mtama, akabonyeza polepole: futa kindi. Kompyuta ikanyamaza, kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari. Akatazama ndani ya kisanduku. Tembo yumo. Kifaru yumo. Nyati yumo. Kiboko yumo. Na Kindi yumo, ametulia.

"Mbona hatoki?"

"Wazee wangu," akasema Kindi, macho makavu kama jiwe la juani, "kilichogandishwa hakiingii kitu, wala hakitoki kitu. Nyinyi mlifikiria kuingia tu."

"Zima mashine! Tuanze upya!"

"Nizime?" akauliza Kiboko, guu likielekea kwenye swichi.

Tembo akatazama juu. Lango lilikuwa linaning'inia juu ya mgongo wake. Akaukumbuka mkia wa Kifaru.

"Usiguse!" akanong'ona. "Ndugu yangu, hata usipumue."

Na Kindi? Alipita katikati ya miguu ya Tembo, puru puru puru, hakugeuka.

Alimkuta mama yake amekaa chini kando ya kinu, mchi umelala mapajani. Macho yake yalikuwa yamefifia.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama."

Mama hakuuliza aina. Alisogea kidogo, akampisha nafasi kwenye kinu. "Umekawia, mwanangu. Haya, shika. Mimi nguvu zinanitosha za mbili tu."

Twa! Twa! akapiga mama, polepole. Ti! akapiga Kindi.

Upande wa huku, mumewe akaisikia ile ti imerudi. Akaweka kijiko chini, akaacha uji wake upoe.

Kwa hiyo, watoto: ukifunga kwa pupa, tazama kwanza nani umemfungia ndani.

Mnasikia kelele zile nyuma ya nyumba? Ni kuku wangu. Jioni hii nilimwona kicheche akizungukazunguka, nikakimbilia banda, nikalipiga kufuli kwa haraka ili niwahi kuja kuwasimulia. Kicheche yumo ndani, na ufunguo, kwa haraka ile, nimemwachia yeye humo humo.