Mnyama wa Bendera ya Mtoni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwanaidi, mwachie mwenzio mkeka. Sasa nyamazeni, maana hadithi hii haipendi kelele. Aliyenipa ni bibi yangu, na yeye akisikia mtoto anacheka pembeni, alikuwa anafunga mdomo mpaka kesho yake.

Hapo kale, kale hasa, wanyama walipokuwa na nyumba zao na wake zao, palikuwa na timu ya mpira ikiitwa Mtoni. Timu ilikuwa na bendera, na kwenye bendera alichorwa mnyama mmoja. Siku ya mechi huyo ndiye anayewatangulia wachezaji kuingia uwanjani, akicheza na kujitingisha, watu wanampigia vigelegele.

Wa kwanza alikuwa Kobe. Timu ikafungwa, ikafungwa tena, watu wakasema picha ile inawatia vijana uzito wa miguu. Kobe akafutwa, akachorwa Nyati.

Nyati akavimba, hata salamu akawa anaitikia kwa pua. Jirani yake Kiboko akaona vile, wivu ukamwingia. Akapita nyumba kwa nyumba akisema Nyati ana kisirani, tangu achorwe nyavu za Mtoni hazijatulia. Basi akafutwa Nyati, akachorwa Kiboko. Zamu ya kukosa usingizi ikawa ya Nyati, naye akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Futa huyu, chora yule, mpaka kitambaa kikatoboka.

Mwenyekiti wao, mzee Korongo, akachoka. Akatangaza kuwa siku ya fainali, atakayewahi kufika katikati ya uwanja mbele ya wachezaji, huyo atashonwa kwa uzi kwenye bendera mpya, na hafumuliwi tena.

Sasa pale timuni alikuwapo Nguchiro, mdogo, mwepesi, mbeba ndoo ya maji ya wachezaji. Mkewe, Bi Shuwea, alirudi kisimani siku hiyo amenuna.

"Mke wa Kiboko anajitandaza kisimani utadhani kachorwa yeye," akasema. "Mimi nasimama nyuma na mtungi wangu. Hivi, mume wangu, wewe huoni wivu?"

"Naona," akasema Nguchiro. "Wivu ulianza kunila mimi kabla yako."

Asubuhi ya fainali akaenda kwa Kiboko, akamkuta anajipaka mafuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sema upesi, nina safari."

"Mimi sisemi kitu, mjomba. Ila pale getini imefukiwa ndimu ya uchawi iliyochomwa sindano. Na jirani yako nimemwona ana udongo kwenye kwato."

Kiboko akaweka mafuta chini. Watu wa mpira mnawajua, ndimu ikishatajwa hakuna anayeuliza iko wapi. Akauliza tu apite wapi. Nguchiro akamwambia apande ukuta wa nyuma, na asimwambie mtu.

Kisha mbio mpaka kwa Nyati, maneno yaleyale, ila safari hii mwenye udongo akawa Kiboko. Nyati naye hakuuliza habari ya ndimu. Aliuliza jambo moja tu, kama Kiboko anaijua hiyo njia ya nyuma. Nguchiro akasema hata kidogo.

Ngoma zikaanza kulia uwanjani. Nyati akaufikia ukuta wa nyuma, ukuta wa udongo mnene, akainamisha kichwa auvunje. Puu! Pembe zikazama, hazitoki. Alipoinua jicho, akamwona Kiboko juu yake, kalalia ukuta kwa tumbo, miguu inaelea huku na huku.

Sikilizeni vizuri hapa. Mguu wa Kiboko ulikuwa mbele ya paji la Nyati. Teke moja tu, pembe zingechomoka. Na bega la Nyati lilikuwa chini ya paja la Kiboko. Angesukuma kidogo tu, Kiboko angeangukia ndani.

"Nisukume, jirani," akasema Kiboko.

"Nikusukume ukanitangulie? Nipige teke kwanza."

"Ukishatoka utanikumbuka?"

"Basi tukae."

"Tukae."

Wakakaa. Kiboko, kwa kuwa yuko juu, akawa anauona uwanja. Nyati anaona udongo tu.

"Mbona wanapiga vigelegele?" akauliza Nyati. "Nani anacheza?"

"Mbeba maji."

"Yule mdogo? Kapitia wapi?"

"Getini."

Nyati akasema, "Afadhali yeye kuliko wewe."

"Hata mimi," akasema Kiboko, "nilitaka kusema hivyohivyo."

Nguchiro akashonwa kwenye bendera kwa uzi mwekundu, mkia juu, na Bi Shuwea akapishwa njia kisimani.

Mwenye wivu hukubali kukwama, alimradi jirani yake naye asitoke.

Watoto wa Nguchiro wakarithi bendera. Wa Nyati wakarithi kutembea wameinamisha kichwa. Wa Kiboko wakarithi haya ya baba yao, ndiyo maana mchana kutwa wamo majini, macho tu nje. Na wachezaji mpira, wao wakarithi ule ukuta. Mpaka leo wapo wanaouparamia kwa kuogopa ndimu, na geti liko wazi.