Kahawa Iliyomiminwa Mapema

Hapo zamani, katika mji wa Pazuani, Sultani Haruni alijenga barabara pana, nyeupe pe kwa chokaa, toka lango la mji hadi sokoni, ikipita chini ya roshani yake ili watu wamwone akila tende. Basi ikawa watu hawapiti. Barabara ikalala tupu kama kitanda cha mjane, na umati ukajisonga katika uchochoro wa Bi Mwanaidi muuza kahawa, penye utumbo wa samaki na kuta za kukwaruza mabega.

Sultani akavimba. Akamwita Faki, hamali asiye na kitu ila kanzu ya viraka na ulimi wake.

"Ewe Faki, wewe washinda njiani. Kesho utanitajia kila mtu atapita njia gani. Ukikosea hata mmoja, naubomoa uchochoro ule wote, na kibanda chako kimo."

Kibandani kwa Faki mlikuwa na mama yake, kiziwi, asiyeweza kuhama.

"Kila mtu, Maulana?"

"Kila mtu!"

"Nawe u mtu?"

Waziri akakohoa. Sultani akanguruma, "Kwani mimi ni punda?"

"Hilo sikulisema mimi. Basi nianze na wewe. Vaa kanzu yangu, beba tenga langu la papa mkavu toka langoni hadi sokoni, upite upendapo. Nasema utapita uchochoroni; nikikosea, bomoa."

"Mjinga wee! Nitapita barabarani kwangu. Umekwisha shindwa."

Kesho yake, jua limepanda, Sultani akashika njia, kanzu ya viraka mwilini, tenga kichwani. Hajamaliza hatua kumi, askari akamdaka: "We hamali, vua viatu! Hii ni barabara ya Sultani." Akavua. Chokaa ilikuwa imekula jua tangu alfajiri. Akarukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa.

Chini ya roshani akasimamishwa tena. "Tua mzigo. Taja majina ya Sultani, yote tisa, kwa mpango wake."

Amri hiyo Sultani aliitoa mwenyewe, siku moja ameshiba. Akataja matano, akataja sita, la saba likamtoka.

"Rudi langoni uanze upya!"

"Mimi ndiye Sultani!"

"Na mimi ni bibi yake. Rudi!" Akala kofi la kisogo.

Basi akatazama kulia, akatazama kushoto, akajitosa uchochoroni. Kivuli! Ardhi baridi! Wanawake wakajibana ukutani: "Pita baba, pole na mzigo." Kufika kwa Bi Mwanaidi, akamkuta Faki juu ya kibao, vikombe viwili mbele yake.

"Karibu, Maulana. Kunywa, haijapoa."

Sultani akakitazama kikombe, kinafuka moshi. Akaketi, akatumbukiza miguu katika beseni la maji.

"Weye hamali!" akafoka Bi Mwanaidi. "Hayo ya kuoshea vikombe!"

Akaitoa miguu. Kisha akauliza polepole, "Na hao wengine, Faki?"

"Wengine nao wana nyayo, Maulana."

Sultani akacheka hata papa wakamwagika. Uchochoro ukabaki, zile amri mbili, ya viatu na ya majina, zikafutwa siku ileile, na Faki akapewa joho la kifalme, mama yake akalifanya shuka.

Watu wakaanza kupita barabarani, na viatu vyao. Ila mtu mmoja tu, kila jua likipanda, hujipenyeza uchochoroni na kanzu ya viraka ya kuazima, akaikuta kahawa yake imekwisha miminwa.

Hapa hekaya inatua tenga lake. Mwenye viatu na avae.