Wembe wa Kinyozi Fumu

Hapo zamani, enzi ambazo kinyozi alijua kichwa cha kila mwanamume na maneno yaliyomo humo ndani, palikuwa na mjane akiitwa Bi Mize. Marehemu mumewe, Fumu, ndiye aliyekuwa kinyozi wa mji. Alipokufa, kiti chake cha barazani kilikaa kitupu miaka kumi na miwili.

Kisha Bi Mize akapata mjukuu. Na katika ukoo ule mtoto hanyolewi nywele za tumboni siku ya saba ila kwa wembe wa babu yake. Bi Mize akafungua sanduku. Wembe umo, ule wa kukunja, lakini umeliwa na kutu mpaka haukunjuki. Akatangaza: atakayeufanya unyoe tena, kiti cha Fumu ni chake.

Wakajitokeza watatu.

Wa kwanza Shaame, seremala. Mafundi wenzake walizoea kusugua kutu kwa jani la msasa juu ya kidole, na kidole kikayumba, na damu ikatoka. Yeye akachonga vijiti vitatu. Kimoja bapa, cha mgongo wa wembe. Kimoja cha mviringo, cha ubavu, maana ubavu wa wembe umebonyea. Kimoja chembamba kama mswaki, cha kwenye bawaba. Kila kijiti akakivika jani la msasa, akasugua kuelekea mgongoni, hata mara moja hakuelekea makali. Siku mbili, kutu ikaisha. Ila mkiani, nyuma ya bawaba, pale Fumu alipochora alama yake, nyota ndogo, hapo hakugusa.

Wa pili Bi Raya, mng'arishaji wa mitalawanda, vile viatu vya mti, jirani yake Shaame ukuta kwa ukuta. Akachukua majani machanga ya msasa na mafuta ya nazi, akavitumia vijiti vilevile, akafuta mikwaruzo yote. Siku mbili, ukiutazama wembe unajiona meno.

Wa tatu Faki, mnoaji wa visu vya wachinjaji. Akautia kwenye kinoo, akaupitisha kwenye ukanda wa ngozi, siku mbili. Unywele ukiuangukia, vipande viwili.

Siku ya saba mtoto kapakatwa, maji ya uvuguvugu yamo bakulini. Bi Mize akaukunjua wembe, akautazama mkia wake. Akaugeuza. Akautazama tena.

"Huu si wa mume wangu," akasema. "Nyota yake iko wapi?"

Watu wakaanza kunong'ona. Sasa nami niwaambieni waliyokuwa wakiyanong'ona huko nyuma, maana nilikuwa karibu na mlango, sikwenda kusikiliza. Wiki ile alipita mchuuzi akiuza nyembe za namna hiyohiyo. Na Shaame, ambaye ndevu zake zilikuwa kama makumbi ya nazi, asubuhi ile alikuja na kidevu laini kama cha mtoto mwenyewe. Alinyoa kwa wembe gani, kama si ule wa Fumu, na huu akaununua kwa mchuuzi?

Shaame akajieleza. Siku ya sita alikwenda kwa Faki kuujaribu wembe, akanyoa ndevu, akaurudisha. Faki akaulizwa, akakubali kwamba Shaame alifika, ila yeye aliingia ndani kutia udhu, akamwacha na wembe peke yake.

"Na nyota uliiona ulipoupokea kwa Bi Raya?" Bi Mize akamuuliza.

"Mama, mimi hutazama makali. Mkia sikuutazama."

Ndipo Bi Raya akasimama. "Nyota niliifuta mimi. Kutu ilikuwa imekaa ndani ya mistari yake, na kutu ukiiacha kidogo inarudi kubwa. Nikasugua mpaka ikaondoka. Wembe ni uleule."

Maneno mazuri. Lakini kila Ijumaa sahani ya mikate ya kumimina hutoka kwa Bi Raya, ikapita ukuta hadi kwa Shaame, na hurudi imeoshwa. Mimi sisemi kitu. Nasema sahani tu.

Shaame akasema, "Kiti changu. Bila vijiti vyangu kutu ingekuwapo mpaka leo, na nyota mimi niliihifadhi."

Bi Raya akasema, "Changu. Ningeiacha nyota, kutu ingerudi, na mngenyoa mtoto kwa uchafu. Nimekubali lawama mbele yenu wote. Mwizi hakubali lawama."

Faki akasema, "Kiti ni cha anayenyoa, na wembe hauna kazi bila makali. Makali ni yangu. Hao wawili wana la kuficha, mimi sina."

"Una la kutokutazama," Bi Mize akamjibu. "Ungetazama, leo tungejua."

Bi Mize akaupitisha wembe juu ya mkono wake mwenyewe. Vinywele vikaanguka, ngozi haikuuma. Wembe mwema, hapana shaka. Lakini ni wa nani? Mtoto akaanza kulia, maji yakaanza kupoa, na watu wote wakamtazama yeye.

Basi ninyi mnaosikiliza, nanyi mmewaona wote watatu: mngekuwa Bi Mize, mngekipeleka kichwa cha mjukuu chini ya wembe ule? Na kiti cha Fumu, je, nani alistahili kukikalia?