Kitanda cha Sultani Bwawani

Hapo zamani, wakati kila mji ulipokuwa na sultani wake na kila sultani na kichaa chake, alikuwako mmoja mpenda usafi kupita kiasi, asiyeogopa kitu duniani ila ngurumo. Ikinguruma tu, huyo, mbio chini ya kitanda! Basi siku moja akaamuru bwawa lake la perege litolewe magogo na matawi yote yaliyozama, apate kujitazama uso. Maji yakang'aa kweli, lakini korongo, ndege walao samaki, nao wakaona vizuri, na haukupita mwezi samaki wakabaki wa kuhesabika.

Sultani akamtia gerezani Chande, mlinzi wa bwawa. "Amewala yeye!"

Mkewe, Mwanashee, fukara asiye hata na kuku wa kufukuza, akaenda barazani kwa Sultani.

"Bwana wangu, mume wangu si mwizi. Nirudishie."

"Bwawa lijae samaki katika miezi mitatu, la sivyo nampeleka kisiwani asirudi tena. Nawe usitie humo samaki wa kwingine, wala usikate hata kijiti katika nchi yangu."

"Na hao wachache waliobaki niwatunzeje, bwana wangu?"

"Watunze kama nitunzwavyo mimi!" Sultani akasema kwa kebehi, baraza likaangua kicheko. "Waziri, mpe atakacho."

"Mmesikia, mabwana?" akauliza Mwanashee.

"Tumesikia!"

Ikawa siku ya Ijumaa, Sultani yuko msikitini, Mwanashee akaingia jumbani na wachukuzi aliopewa na waziri, wakabeba vyombo hadi bwawani. Kitanda cha mpingo kikazama chenyewe kwa uzito wake. Viti na milango wakavifunga mawe, vikafuata. Sultani kurudi, akamkuta mbuzi sebuleni anatafuna zulia.

"Ala! Kitanda changu ki wapi?"

"Bwawani, bwana wangu. Umesema niwatunze kama utunzwavyo, na kijiti sikukata."

Akafura kwa hasira, lakini neno lake lilisikiwa na baraza zima. Akameza mate, akalala mkekani.

Miezi mitatu ikatimia, wakaenda wote bwawani. Maji kimya, hata mkia hauonekani.

"Wako wapi samaki?" Sultani akanguruma.

Kabla hajajibiwa, mbingu nayo ikanguruma. Sultani akajitupa chini ukingoni, kichwa karibu kiguse maji, na hapo akaona. Uvunguni mwa kitanda chake perege wamebanana, wakubwa kwa wadogo, wanamtumbulia macho.

"Mwanamke! Wamejaa tele! Wanafanya nini humo?"

"Wanamkimbia korongo, bwana wangu, kama wewe na ngurumo."

Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka majini. Chande akafunguliwa saa ile ile, akavishwa joho, na Mwanashee akalia kwa furaha mbele ya watu wote bila haya.

"Sasa tukitoe kitanda, bwana?" akauliza waziri.

Ikanguruma tena. Sultani akamshika waziri mguu, macho hayabanduki uvunguni.

"Ukitoe? Na hawa maskini wakimbilie wapi?"