Redio Kubwa ya Mkulima wa Tangawizi

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi mlio nyuma kabisa sogeeni, mbele huku hatuumi mtu. Leo ni Jumapili ya familia, kwaya imetuimbia mpaka vumbi limeamka sakafuni, kwa hiyo sitawachosha. Nitawapa mfano mmoja tu. Ukikugusa usimgeukie jirani yako, tazama mbele kama mtu ambaye hayamhusu.

Palikuwa na baba mmoja, mkulima wa tangawizi, milimani kama huku kwetu. Alikuwa mtu mwema. Ninalisema hilo mapema kwa sababu nawajua, wengine mtamhukumu kabla sijafika katikati. Hakuwa mlevi, hakuinua mkono juu ya mtu, watoto aliwasomesha, na mkewe alimpenda kweli kweli. Kasoro yake ilikuwa ndogo, tena mwenyewe aliiita kipaji. Alipenda kuongea. Akirudi nyumbani maneno yanaingia kwanza, yeye anafuata. Mezani anaanza yeye, anamaliza yeye, na katikati hapo ukitia neno ni kama umetupa kokoto mtoni, maji yanapita tu.

Akina mama, naona mnacheka. Subirini.

Nyumba yake ilikuwa bondeni, na shamba lilikuwa juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima. Ukitoka asubuhi unafika jua likiwa utosini. Msimu wa kuchimba tangawizi alikuwa akihamia huko na vibarua wake, analala kibandani, na huko simu ni pambo tu kwa sababu mtandao haupandi. Ndiyo maana wageni walipokuja kumposa binti yake wa kwanza, aitwaye Namsifu, baba mtu alipata habari wakati soda zimeshanywewa na chupa zimesharudishwa dukani. Hilo lilimuuma sana. Baba mzima anasikia posa ya mwanawe kutoka kwa mtu aliyepanda kutafuta mbuzi aliyepotea!

Sasa Namsifu ameshaolewa, ana mimba ya kwanza, na kama ilivyo desturi yetu amerudi kwa mama yake kujifungulia. Wakati huohuo tangawizi imekomaa, mnunuzi ameshatuma salamu kwamba gari liko njiani. Ningekuwa wewe ningefanyaje? Ukiliacha shamba, jasho la mwaka limekwenda na maji. Ukipanda, mjukuu wako wa kwanza anazaliwa, nawe unaambiwa na wapita njia. Baba yule akaapa mbele ya mkewe kwamba safari hii, la mjukuu hili, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusikia, kabla ya jirani yeyote bonde zima.

Akaamua kununua redio za upepo, zile za mkononi wanazotembea nazo walinzi. Unabonyeza kitufe unaongea, unakiachia unamsikia mwenzako. Mkewe alifurahi, akamsindikiza mpaka njia panda, na alilomwagiza lilikuwa moja tu, kwamba achukue zinazofanana, kwani vitu vya jozi ni kama viatu, havinunuliwi kimoja kikubwa na kimoja kidogo.

Akafika mjini. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akamwekea mezani redio mbili za kadiri, sawa kwa sawa. Baba akazitazama, lakini jicho lake likapanda rafuni. Pale juu kulikuwa na redio nyeusi, pana, ina antena ndefu kama mwiko wa kusongea ugali wa msibani. Akaomba ashushiwe. Akaishika. Ilimkaa mkononi, wapendwa, akajiona ameshakuwa mkuu wa kituo.

"Hii ni yangu," akasema. "Kwa mama na watoto nipe kile kidogo cha bluu."

Dada akamwonya kwa adabu kwamba hizo mbili hazilingani nguvu. Akamweleza kuwa redio kubwa itafikisha sauti mbali, hata nyuma ya mlima, na kile kidogo kitaipokea vizuri, ila chenyewe hakina nguvu ya kurudisha jibu kutoka mbali. Maelezo mazuri kabisa. Lakini baba aliyasikia ya mwanzo tu, kwa maana yale ya mwisho yalipofika alikuwa ameshaanza kuongea yeye.

"Binti yangu, mwenye maneno ni mimi. Wao wanahitaji kitu cha kunisikilizia."

Akalipa, akaondoka anapiga mluzi njia nzima.

Nyumbani wakazijaribu. Mama akashika kile cha bluu barazani, baba akaenda nyuma ya zizi. Aliita, wakamjibu, akawajibu. Kila alipomaliza sentensi alisema "ova", maana aliwahi kuwasikia askari wakisema hivyo, na neno hilo alilipenda kupita kiasi. Watu wakacheka mpaka makande yakaungua. Usiku ule hapakuwa na nyumba yenye furaha kama ile. Asubuhi akambusu mkewe, akamwekea Namsifu mkono kichwani akamwombea, akapanda mlima kwa imani kubwa.

Akafika juu, akavuta pumzi, akabonyeza. Akawaambia amefika salama. Akawaambia mbuzi wafungwe upande wa mgomba, Namsifu asiinue ndoo, uji wake usikose, na mtu akienda dukani asisahau mafuta ya taa. Akasema ova. Akaachia kitufe, akasikiliza.

Shhhhh.

Akadhani wako mbali na redio. Akangoja, akarudia yote, na mafuta ya taa akayatilia mkazo. Shhhhh. Jioni vilevile. Kesho yake vilevile. Kibarua mmoja akamshauri labda kifaa kina hitilafu, wateremke kidogo wajaribu mahali palipo wazi. Baba akamkatalia. Kifaa alikichagua mwenyewe, taa inawaka, sauti yake inatoka, hitilafu itoke wapi? Kama kuna hitilafu, ipo kwa watu.

Na hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuingia giza. Akiwa na jembe mkononi alijiuliza mbona watu wake hawamjibu. Amewakosea nini? Ina maana wakimwona ameshika njia wanashusha pumzi, wanasema afadhali? Niseme ukweli, aliumia. Mtu anayeongea sana huwa tunadhani haumii, kumbe kila neno analolirusha anangoja limrudie. Alichimba tangawizi kwa hasira, anavunja hata zile nzuri.

Asubuhi moja, baada ya kuita na kuita, akavunjika. Akabonyeza kile kitufe mpaka kidole kikawa cheupe.

"Nyumba hii imejaa viziwi," akasema. "Nahangaika huku kwa ajili yenu, na hakuna hata mmoja wa kuniambia tumekusikia. Basi kaeni na yenu. Mimi sina watu huko chini. Ova."

Akaizima. Akakaa juu ya gunia, machozi yanamlenga.

Hazikupita saa nyingi akaja jirani mmoja wa bondeni, kapanda kuangalia shamba lake. Alimwona kwa mbali akaanza kuchekelea, akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa hongera. Hongera ya nini? Ya mjukuu. Wa kiume, mzima, mama mzima, amezaliwa alfajiri, na bonde zima limeshakunywa chai kwa jina lake.

Bonde zima! Aliyeapa kuwa wa kwanza amekuwa wa mwisho.

Wapendwa, mlima ule wa nusu siku baba yule aliuteremka kama mtu aliyesukumwa. Furaha inamvuta, hasira inamsukuma, hata yeye hakujua ipi itatangulia kufika. Alipokaribia alisikia vigelegele, akakuta uani pamejaa, akina mama wanacheza, sufuria zinachemka, watu wanamwita babu, babu, babu. Akapita katikati yao mpaka mlangoni, na mkewe akatoka kumpokea. Baba akafungua kinywa, na mnajua lilitoka lipi.

"Mbona hamkunijibu?"

Mama akamtazama. Alipojibu, sauti ilikuwa imemkauka, inatoka kwa shida kama mlango wenye kutu.

"Baba Namsifu, hii sauti unadhani imeenda wapi? Nimekujibu asubuhi, nimekujibu mchana. Mbuzi niliwafunga nikakwambia. Mafuta ya taa nilinunua nikakwambia. Uchungu ulipomshika mtoto nilikuita wewe kabla ya mkunga. Alipozaliwa tukamwekea redio sikioni, tukasema sauti ya babu yake iwe ya kwanza kuisikia duniani. Akalia, tukabonyeza nawe umsikie. Tukaachia tungoje utamwambiaje. Ukamwambia nyumba hii imejaa viziwi."

Uani waliokuwa wakicheza wakasimama. Hata sufuria mtu aliifunika.

 Baba akaichomoa ile redio kubwa kiunoni, akaitazama, na yale maneno ya dada wa dukani, yale ya mwisho, yakamfikia sasa. Akaeleza kwamba kumbe hakuwa anapokea chochote, ni shhhh tupu siku zote. Kisha akauliza, kwa upole ambao watu hawakuuzoea, mbona basi hawakutuma mtu. Mbona hawakushtuka kwamba wanajibu, naye anaendelea tu kana kwamba hakuna aliyesema kitu?

Mama akainamisha macho. Akamwambia kwa sauti ile ile ya kutu, bila ubaya wowote.

"Tungeshtuka vipi? Hata mezani ndivyo ilivyo."

Wapendwa, mnalisikia hilo? Redio ya baba imekuwa haipokei kitu siku zote hizo, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyegundua, kwa sababu haikuwa na tofauti na baba mwenyewe.

Turudi uani. Namsifu akatoka na kifurushi cha khanga chenye mtoto, akakiweka mikononi mwa baba yake, akamwomba amsalimie mjukuu. Baba akafungua kinywa. Watu wote wakajiandaa, wengine wakatafuta viti, maana walijua hotuba inakuja. Akakifunga. Akamtazama yule mtoto, mtoto akapiga chafya, akanyoosha kidole kimoja, akaguna. Na babu akamsikiliza, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu, na hakusema neno. Vigelegele vilivyopigwa hapo, nawaambieni, huko juu mlimani vilisikika bila redio.

Tangawizi ilikuwa bado inangoja, kwa hiyo kesho yake alipaswa kupanda tena. Mkewe akamletea redio yake kubwa mlangoni. Akaikataa. Akasema ile kubwa ibaki nyumbani, yeye atapanda na kile kidogo cha bluu.

"Na kule juu utaongeaje?" mama akamuuliza.

"Nimeshaongea," akasema.

Akaenda. Na watu wake wakaanza kumsimulia, kwa sababu safari hii walijua anasikia na hana namna ya kuwakatiza. Vibarua walimwona anachimba huku kile kidude kinaning'inia shingoni, mara anatabasamu peke yake, mara anaegemea jembe. Alisikia mtoto akinyonya. Alimsikia mkewe akicheka, akashangaa kwamba anacheka vizuri hivyo. Aliwasikia wakibishana jina. Namsifu alimweleza mambo ya ndoa yake ambayo tangu aolewe hakupata mwanya wa kumwambia. Na jioni moja mkewe akakaa na redio akamsimulia habari za utoto wake, za mto aliokuwa akiogelea na dada zake, hadithi ndefu, na baba yule akagundua kwamba ameishi na mwanamke huyu umri wote huu na hakuwahi kujua kwamba anaweza kuogelea. Msimu ule aliifahamu nyumba yake akiwa mbali nayo. Aliporudi, kila mtu alisema amerudi mnene.

Sasa sisi.

Usiniambie wewe huna redio. Unayo. Kila nyumba humu ina redio zake, na kila nyumba ina mmoja aliyejichagulia kubwa. Baba, yako ina antena ndefu kiasi gani? Na usicheke mama, wapo watoto ambao wanakusikia tangu kuamka mpaka kulala na hawajawahi kukufikia. Na ninyi vijana, mnajua kila mtu anavyopaswa kuwaelewa, lini bibi yako amekufikia wewe? Tunakaa tunalalamika kwamba watu wetu hawatujibu, wamekuwa wagumu, hawana adabu. Na wao wapo huko bondeni, sauti zimewakauka.

Sijasema usiongee. Mungu mwenyewe anaongea. Lakini fikirini, yeye ambaye kwa neno aliisimamisha milima hii yote, angeweza kutujaza masikio mpaka tusipate nafasi ya kupumua. Badala yake anatega sikio. Mtoto wako akiguna tu kitandani, amemsikia. Mwenye nguvu zote amechagua kutusikiliza, na sisi wenye nguvu za mwiko tumechagua kusikilizwa?

Leo mkirudi nyumbani usimuulize mtu kama amekusikia. Mwulize alikuwa anasemaje siku zote hizi. Kisha nyamaza, hata kama jibu lake litakuwa refu, hata kama chakula kitapoa.

Na kabla hamjatoka, tazameni. Humu ndani ni nani mwenye kipaza sauti? Ni mimi peke yangu, na ninyi mmekaa mnanisikiliza Jumapili baada ya Jumapili. Basi nakitoa shingoni, nakiweka hapa kwenye benchi la mbele, nami nakaa chini. Mama wa pale dirishani, naona ulitaka kusema kitu tangu mwanzo. Chukua.