Mti wa Vipepeo Uliokatazwa Panga

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mlima wenye baridi, pakawa moshi wa kuni mbichi, pakawa mama na binti zake wawili. Sogeeni karibu. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye kuuliza aulize mwisho. Ngano hii ina kicheko kimoja tu, nacho kimekaa mbali, msikitafute mapema.

Hapo kale, kule juu ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, aliishi mwanamke jina lake Nasemba. Mumewe aliitwa Senzota. Binti yao mkubwa alikuwa Nakijwa, na mdogo wake alikuwa Nakunda. Nasemba alikuwa mkulima, mkulima kweli. Maharage yake yalipanda miti kama yanayokimbizwa, na magimbi yake majirani waliyaomba mbegu.

Siku moja Nakijwa alirudi kutoka bondeni kuchota maji, mtungi kichwani na kijiti mkononi. Akakichomeka ardhini karibu na ukuta wa jikoni, akakishindilia kwa kisigino, akaingia ndani. Mama yake hakumwuliza kitu. Nani huuliza mtoto habari za kijiti?

Kijiti kikashika. Kikatoa majani marefu membamba, juu kijani, chini meupe kama yaliyopakwa unga. Watu wa milima ile walikuwa na jina lao la mti huo. Sisi tuuite mti wa vipepeo, mtaona kwa nini.

Kabla mti haujatoa ua la kwanza, homa iliingia mlimani. Ilipita nyumba hii, ikaruka ile, ikaingia kwa Nasemba, ikamchukua Nakijwa. Wakamzika nyuma ya migomba. Watu wakalia, wakala, wakaenda zao. Ndivyo watu walivyo, na si ubaya.

Mwezi ule ule mti ukachanua. Maua marefu kama mkia wa paka, rangi ya zambarau iliyopauka, yananukia asali. Na vipepeo wakaja. Weupe wakaja, wa njano wakaja, weusi wenye madoa ya buluu wakaja, wakatua juu ya maua mpaka matawi yakawa kama yanapumua.

Nasemba akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Akasema moyoni, "Mwanangu amerudi."

Tangu siku ile akaukataza mti ule panga. Akaukataza kisu. Akaukataza hata ukucha wa mtu anayechuma jani la kuchezea. Asubuhi alikwenda kuusalimu kabla ya kumsalimu mumewe. Mchana alikaa chini yake. Jioni aliuaga. Na Nakunda, yule aliyebaki, ambaye siku hizo aliitwa "we mtoto" tu, alijifunza kujisuka nywele mwenyewe, zikakaa upande.

Mwaka wa kwanza maua yalikuwa mengi. Mwaka wa pili yalikuwa mengi, ila yalikaa juu. Mwaka wa tatu mti ulikuwa mrefu kupita paa, mashina yake magumu kama mpini wa jembe, chini mtupu, katikati umejaa vijiti vikavu, na maua machache yako kileleni kabisa ambako mtu hayaoni mpaka avunje shingo. Kivuli chake kikalala juu ya maharage, maharage yakawa ya njano. Vipepeo wakaja wachache, wakazunguka, wakaenda kwa watu wengine.

Senzota alikuwa mtu wa maneno machache. Akamwambia mkewe taratibu kwamba mti umezeeka, kwamba miti ya namna ile hupunguzwa kila mwaka, na kwamba kama mkono wake ni mzito basi yeye Senzota atafanya, na mkewe akae ndani asitazame. Nasemba akatandaza mikono mbele ya mti kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Baba Nakijwa," akasema, "ukitaka kuukata, anzia kwangu."

Senzota akalirudisha panga darini.

Sasa sikilizeni. Kuna ndege mdogo, mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea magunia, kifua chake kinang'aa, chakula chake ni utamu wa maua. Jina lake chozi. Kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, mawingu bado hayajapanda, chozi akaja akatua juu ya tawi kavu, akaimba:

*Nasemba, we Nasemba,*
*tawi kuukuu halizai ua.*
*Kata kabla ya mvua kuja;*
*usipokata wewe, upepo utakata.*

Nasemba akainua uso. Akamwambia, "Nenda zako, ndege. Mkono wangu haumkati mwanangu."

Chozi akaenda.

Siku zikapita, upepo wa vumbi ukavuma. Chozi akaja mara ya pili, akatua chini kidogo, akaimba:

*Nasemba, we Nasemba,*
*tawi kuukuu halizai ua.*
*Kata, uache kisiki kifike goti,*
*uyaache macho yaliyolala kwenye gome.*
*Usipokata wewe, upepo utakata.*

Nasemba akaokota bonge la udongo akamtupia. Bonge likapasukia ukutani. Chozi akaenda.

Siku zikapita, wingu la kwanza likaonekana nyuma ya mlima. Chozi akaja mara ya tatu. Hakuimba. Alitua karibu kabisa na mkono wa Nasemba, mtu angeweza kumshika.

"Nasemba," akasema, "mimi ni ndege, natafuta chakula changu, na mti huu hauna chakula. Sikudanganyi. Mti ni mti. Mwanao ni mwanao. Umevichanganya, na vyote viwili unavipoteza."

Nasemba akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Akakaa gizani mchana kweupe mpaka aliposikia mabawa yakiondoka. Neno la ndege lilimwingia, msidhani halikumwingia. Lakini kuna neno likikuingia, unalifunika kama unavyofunika chungu kinachochemka, ukitumaini moto utazimika wenyewe.

Mvua ikaja alasiri.

Haikuja mvua peke yake. Ilikuja na upepo uliotoka bonde la chini, ukapanda mlima ukibeba majani ya migomba na nyasi za mapaa ya watu. Mti wa vipepeo, na kichwa chake kizito na miguu yake mikavu, ukaanza kuyumba. Ukaegemea ukuta wa jikoni, ukatoka, ukaegemea tena. Nasemba akakimbilia nje. Senzota alikuwa mbali, kwa ndugu zake. Nasemba akalikumbatia shina, akamwita binti yake alete kamba.

Nakunda akaleta kamba. Mama akamwambia apite upande wa ukutani, ashike, asukume. Nakunda akapita, akashika, akasukuma. Maji yalimtiririka usoni, nguo imemganda mwilini. Alikuwa na miaka kama aliyokuwa nayo dada yake alipokufa.

Upepo ukaja wa kwanza, mti ukalia. Upepo ukaja wa pili, mti ukapasuka tangu juu hadi karibu na ardhi. Upepo ukaja wa tatu, nusu ya mti ikaanguka upande wa ukutani.

Nasemba akapiga magoti kwenye matope. Akayakusanya matawi yaliyovunjika kifuani kwake. Akayafuta tope maua machache yaliyobaki. Akaliinua tawi kubwa kwa mikono miwili, pole pole, kama unavyoinua kichwa cha mgonjwa, akawa analiita, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu."

Na chini ya majani, sauti ndogo ikasema:

"Mama. Mimi ningali hai."

Haikupazwa. Haikulaumu. Ilisema tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau sokoni.

Nasemba akaganda. Kisha akayaachia matawi yote, akachimba ndani ya majani kwa kucha, akamtoa Nakunda. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, umeelekea mahali ambapo mkono hauelekei. Mama akambeba. Msichana mkubwa yule, miguu ikiburuta kwenye matope, akambeba mpaka ndani, akamlaza, akamfunika kwa nguo yake mwenyewe, na mvua ikaendelea kunyesha juu ya mti na hakuna aliyeutazama.

Akaitwa mzee wa kuunga mifupa. Akavuta, akanyoosha, akafunga kwa magome na kamba za mgomba. Akasema mfupa utashika, ila hautarudi kama alivyouumba Mungu. Senzota alirudi, akaona. Alikaa kizingitini, mgongo kwa watu.

Nakunda hakuweza kujisuka kwa mkono mmoja. Basi Nasemba akakaa nyuma yake, akazifumua zile nywele zilizokaa upande, akaanza kusuka. Vidole vyake vilikuwa vimesahau, vikakumbuka. Akasuka siku ile, akafumua, akasuka tena, maana hakutaka kumaliza.

Mvua ilipopumzika, akaomba panga. Senzota akalitoa darini, akalinoa, akamkabidhi, naye akasimama kando. Nakunda akatoka na mkono wake umefungwa shingoni.

Nasemba akausogelea mti. Nusu imelala, nusu imesimama imepasuka. Akainama akapapasa gome chini, akayaona macho ya mti, yale yanayotoa machipukizi, yamelala pale, madogo kama punje za ulezi. Akapima kwa goti lake. Akakata shina la kwanza, akalivuta kando. Akakata la pili, machozi yakamtoka. Akakata la tatu, akakaa chini, panga mapajani, na pale palipokuwa na mti uliozidi paa pakabaki visiki vya kufika goti, na mwanga mweupe ukaingia mpaka kwenye ukuta wa jikoni.

Nakunda akakaa naye. Akamwuliza, "Ulikuwa unaogopa nini, mama?"

"Niliogopa nikiukata nitakosa mahali pa kumtafuta."

Nakunda akafikiri. Kisha akasema, "Ungeniuliza mimi. Mimi nililala naye kitanda kimoja."

Nasemba akamgeukia binti yake. Miaka yote ile hakuwahi kumwuliza.

"Unajua kwa nini alikichomeka kile kijiti hapa?" Nakunda akasema. "Alisema pakiota kichaka, ukiwa jikoni hutatuona tukienda kuiba miwa kwa mjomba."

Hapo, jamaa zangu, ndipo kilipo kile kicheko. Nasemba alicheka. Kilimtoka tumboni bila ruhusa, akacheka mpaka akashika ubavu, akacheka mpaka kikageuka kilio, akalia kile kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Na Nakunda akaendelea kumsimulia: jinsi Nakijwa alivyokoroma, jinsi alivyoogopa kuku jike mwenye vifaranga, wimbo aliokuwa akiubadilisha maneno. Wakakaa pale mpaka baridi ikawaingiza ndani. Ikawa desturi yao.

Visiki vilikaa kimya muda. Nasemba hakuvikodolea macho; alikuwa na maharage ya kupanda upya. Siku moja akipita na jembe akaona vichipukizi, vyeupe vimevaa ule unga wao, kila jicho limefumbuka. Vikarefuka kwa mvua. Mvua ilipokatika na ubaridi kushuka, kila tawi jipya likachukua ua nchani, ua la kufika kifuani pa mtu, ua la kunusa bila kutafuta ngazi. Vipepeo wakaja. Weupe wakaja, wa njano wakaja, weusi wenye madoa ya buluu wakaja.

Nasemba akawatazama. Wakawa ni vipepeo tu. Akaona wanapendeza, akaingia ndani kupika.

Ua lililonyauka alilikata, na jingine likatoka ubavuni. Na kila mwaka kabla mawingu hayajapanda, alilinoa panga bila kungoja ndege wa kumwambia. Matawi mazima yaliyokatwa hakuyachoma. Aliyagawa mafungu, jirani huyu fungu, jirani yule fungu, wakayachomeka kwenye udongo usiotuamisha maji, yakashika. Mlima ule wote ukawa na miti ya vipepeo.

Mkono wa Nakunda ulibaki umepinda. Alipobeba mtungi aliubeba kwa mkono wa kulia, na mama yake kila alipouona ule wa kushoto aliteremsha macho. Hilo halikupona, nami sitawadanganya kwamba lilipona. Lakini Nakunda alipokuwa akiitwa jikoni, aliitwa kwa jina lake.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mafunzo yake ni haya: umpendaye aliyekwenda, mlilie, lakini usimfunike aliyebaki kwa kivuli chake. Na kisichokatwa na mkono unaopenda, kitavunjwa na upepo usiojali. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni, mimi nimezoea.

Nami siku ile ya mafungu nilikuwapo. Nasemba alinipa tawi zuri, nikalipeleka kwangu, nikalipanda. Mpaka leo halijachipua. Mke wangu anasema nililichomeka kichwa chini. Mimi nasema tulipe muda.